Damu Iliyofika Kabla ya Kutolewa

Kwako Mama Orpah,

Pokea salamu zangu kutoka Homa Bay. Sijawahi kuliandikia gazeti, na hata hii barua nimeiandika na kuifuta mara nyingi kwa sababu naogopa mtu wa ofisini kwetu ataisoma na kunitambua, lakini nimechoka, Mama, nimechoka kiasi kwamba hata huko kuogopa kumenichosha, na nahitaji mtu asiyenijua aniambie la kufanya kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.

Mimi ni karani wa takwimu, kijana, niko kwenye mkataba mfupi katika mradi mdogo unaosafirisha sampuli za damu kutoka zahanati za upande wa Migori hadi maabara huku Homa Bay. Mgonjwa hutolewa damu zahanatini, chupa hutiwa ndani ya sanduku la barafu, na mwendesha pikipiki huleta. Damu ikikaa njiani zaidi ya muda wa saa sita huhesabiwa kuwa imeharibika, inatupwa, na mgonjwa anaitwa tena adungwe upya. Kwa hiyo kila chupa hubandikwa karatasi ndogo yenye wakati damu ilipotolewa, na mashine yetu ya mapokezi hujaza yenyewe wakati chupa ilipofika. Mimi ndiye niliyeandika programu inayochukua wakati wa kufika, inatoa wakati wa kutolewa, na kusema kila sampuli ilikaa njiani muda gani na kila mwendeshaji huchelewa kiasi gani. Nilisomea kompyuta chuoni na nilijivunia kazi hiyo. Mkubwa wetu, Bwana Wesley, alinisifu mbele ya wote akasema sasa hakuna atakayedanganya tena kuhusu muda.

Tangu programu ianze kazi, sampuli za Suna zilionekana kufika mapema, lakini za Osiri, kule kwenye machimbo ya dhahabu, zilionekana kuchelewa karibu kila siku. Mwendeshaji wa Osiri anaitwa Motari. Si kuchelewa kidogo, Mama, ni safari ya asubuhi moja ambayo programu ilisema imekula siku nzima. Watu wa mapokezi wakampa jina, Motari Kesho. Mwanzoni alilichukua kwa mzaha. Roseline, msimamizi wa mapokezi, alikuwa akimwona tu dirishani anaanza.

"Motari Kesho amefika! Leo ulilala Awendo ama Rongo?"

"Rongo, madam. Nikaota unanifungulia hilo dirisha haraka, nikaamka nikijua ni ndoto."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini wiki zilivyopita aliacha kujibu, akawa anaweka sanduku, anatia sahihi, anaondoka. Siku moja alinijia pale mezani pangu akiwa bado na helmeti mkononi.

"Karani, hiyo kompyuta yako inanionaje? Mimi natoka Osiri watu wakinywa chai ya asubuhi, nafika hapa mkianza kwenda lunchi. Hayo masaa mengine inayatoa wapi?"

Nikamwambia naangalia.

"Angalia basi, ndugu yangu. Hii habari imefika nyumbani. Bibi yangu ameanza kuniuliza nikitoka huku huwa napitia kwa nani."

Nikaangalia kweli, Mama, usidhani nilikaa tu. Nilisoma programu mstari kwa mstari, nikapiga hesabu kwa mkono na kulinganisha, nikashuku kwamba ni ule ukadiriaji wa desimali ambao kompyuta hukosea mara nyingine, nikautoa na majibu yakabaki yaleyale, nikashuku saa ya mashine ya mapokezi, nikaipima na ya simu zetu zote na haikuwa na tatizo, nikashuku kwamba simu za kule karibu na mpaka hunasa mtandao wa Tanzania na kubadilisha saa, mpaka nikakumbuka kwamba sisi na Tanzania tunatumia saa ileile. Kila kitu kilikuwa sawa, na majibu hayakuwa sawa.

Tena kulikuwa na sampuli chache za ajabu, za wachimbaji wanaotolewa damu alfajiri kabla ya kushuka shimoni, siku ambazo Motari huondoka mapema. Hizo programu ilisema zimekaa njiani muda wa saa hasi tatu. Yaani damu ilifika Homa Bay kabla haijatoka kwenye mkono wa mtu. Nilicheka peke yangu. Halafu, kwa kuwa Bwana Wesley alikuwa anasubiri ripoti ya wafadhili, nikaongeza mstari mmoja wa kuondoa alama ya kutoa, hasi tatu ikawa tatu, na kwa vile huo ndio muda wa kawaida wa safari hiyo nikaona yamekaa vizuri, nikaendelea na kazi nyingine.

Hatimaye Bwana Wesley akaniambia niende Osiri mwenyewe, nirudi na Motari kwenye pikipiki, nijue anasimama wapi. Nililala kwa binamu yangu Suna, asubuhi nikaenda. Zahanati ya Osiri inaendeshwa na mama mmoja wa makamo, Nyatichi, anayejulikana na kila mtu. Nilimkuta na mwanamke anaitwa Mourine, ambaye sampuli ya mtoto wake tulikuwa tumeitupa kwa kuchelewa, ameitwa arudi.

"Tena?" Mourine alikuwa akisema. "Hamjaona mtoto amebaki tu macho? Damu mnaipeleka wapi, mnapika?"

"Mshike mguu tumalize," Nyatichi akamwambia. "Wenye kuitupa ni wa Homa Bay. Huyu hapa ametoka huko, mwulize yeye."

Mourine akamshika mtoto mguu. Mtoto alilia, damu ikatoka, Nyatichi akaifunga chupa, akachukua kalamu.

"Karani, simu yangu imezima. Saa ngapi?"

Nikatoa simu yangu. Ilikuwa imeandika 9:10. Nikafungua mdomo wangu mwenyewe nikamwambia, "Saa tatu na dakika kumi."

Akaandika 3:10.

Nilimwuliza kwa nini ameandika tatu, naye akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeanza kuugua.

"Si wewe umesema tatu?"

Basi ndiyo hiyo, Mama. Nyatichi huandika saa kama tunavyozisema sote. Emmaculate, anayetoa damu zahanati ya Suna, aliwahi kufanya kazi hospitali kubwa, huandika saa tatu kama 9:00, na saa nane mchana kama 14:00. Programu yangu ilimwelewa Emmaculate, lakini kwa Nyatichi ilidhani damu imetolewa usiku wa manane, saa tisa badala ya saa tatu asubuhi, ikamwongezea Motari muda wa saa sita kila safari. Na zile za alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, Nyatichi aliandika 12:30, programu ikadhani ni adhuhuri, ndiyo maana damu ilifika kabla ya kutolewa. Mimi mwenyewe niliacha nafasi inayopokea tarakimu zozote bila kuuliza ni asubuhi au ni usiku, kwa sababu nilipokuwa nikiandika programu nilikuwa nikiwaza kwa saa ya kompyuta, na nilipoinuka kwenda kununua maandazi nilikuwa nikisema saa nne kama watu wote, na vitu hivyo viwili havikukutana kichwani mwangu hata siku moja.

Tukarudi na Motari. Hakusimama popote. Mimi ndiye niliyemwomba asimame, nijisaidie. Karibu na Ndhiwa akapunguza mwendo, akageuza kichwa.

"Umeniona, karani? Nimesimama wapi?"

"Hujasimama."

"Basi utawaambia."

Nikanyamaza. Kulikuwa na upepo, labda alidhani nimejibu. Tulipofika, Roseline akaingiza chupa ya mtoto wa Mourine, na programu ikasema imekaa njiani zaidi ya muda wa saa tisa, safari ambayo mimi nilikuwa nimekaa juu yake. Chupa ikatupwa. Nilikuwepo, Mama. Nilitazama ikitupwa.

Bwana Wesley aliniuliza nimeona nini, nikasema bado nachambua. Ameshaamua kwamba kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi Motari ataondolewa, na tayari amezungumza na mwendeshaji mwingine, Gichana, achukue njia ya Osiri. Ripoti yenye jina la Motari na mchoro niliouchora mimi imeshafika kwa wafadhili. Mkutano huohuo ndio utakaosema kama mkataba wangu utaendelea, na nyumbani ni mimi peke yangu mwenye kazi ya ofisi.

Siwezi kula vizuri. Nikisikia pikipiki nje natamani kuingia chini ya meza. Nimefikiria nirekebishe programu kimyakimya, mwezi ujao namba zitakuwa nzuri, watadhani ni kwa sababu ya Gichana, na Motari ni mtu hodari, hatakosa kazi ya boda. Au niseme tu kwamba kulikuwa na hitilafu ya mfumo, nisitaje ya nani. Nambie, Mama, je, lazima niseme yote? Na kama ni lazima, mtu anaanzaje?

Ni mimi,
Karani mchovu, Homa Bay

MAMA ORPAH ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeivusha mbele ya zilizoitangulia, kwa sababu huo mkutano hausubiri gazeti letu.

Nianze na la kukupa pumzi. Kosa la saa si la aibu. Hakuna mtu kuanzia Isebania hadi Mbita ambaye hatazami 9 akasema tatu. Tunafanya hivyo tangu utotoni bila kujua tunafanya, na waliotengeneza kompyuta hawakutuuliza. Nilifundisha hesabu shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuanza kazi hii ya kusoma huzuni za watu, na najua makosa ya mtu mvivu na makosa ya mtu makini. Lako ni la mtu makini. Ulitafuta, hukupata, ukaenda mpaka mahali damu inapotolewa, ukapata. Hapo nakupongeza, na pongezi zimeishia hapo.

Tangu ulipotoka Osiri unajua ukweli. Umekaa nyuma ya mgongo wa Motari njia nzima ukiujua. Akakuuliza waziwazi, ukauachia upepo ujibu. Chupa ya yule mtoto ikatupwa kwa mara ya pili, safari hii mbele yako, na neno moja lingetosha kuiokoa. Mourine ataitwa tena, na mtoto atadungwa tena, kwa sababu ulikuwa "bado unachambua". Sasa unaniuliza kama lazima useme. Unajua jibu, ndiyo sababu huli.

Na kuna jambo umelitaja haraka haraka kama mtu anayesema alimwaga chai kidogo. Ile alama ya kutoa. Darasani mtoto akinipa jibu kwamba safari ilichukua saa hasi tatu, sikumruhusu kufuta hicho kistari. Nilimwambia arudi akasome swali, kwa sababu kistari hicho ndicho kitu pekee kwenye ukurasa kinachosema ukweli. Programu yako ilikuwa inakupigia kelele, ukaiziba mdomo kwa sababu ripoti ilikuwa inasubiriwa. Ikaja kukupa tatu, ukafurahi, kumbe tatu ile imeangukia tu. Hebu piga hesabu hii. Damu ya mchimbaji imetolewa saa kumi na mbili na nusu alfajiri, pikipiki ikaharibika njiani, ikafika saa nane na nusu mchana. Imekaa muda wa saa nane, imeharibika. Programu yako inasoma 12:30 hadi 14:30, inasema mbili. Haina hata alama ya kutoa ya kukushtua. Inapokelewa, inapimwa, na mtu anapewa majibu ya damu mbovu. Sisemi imetokea. Nasema hujui, na Roseline hajui, na lazima ajue bila kukawia ili atazame upya sampuli zote za alfajiri kutoka Osiri.

Usirekebishe kwa haraka pia. Najua kidole chako kinataka kuongeza sita kwenye kila saa na kumaliza. Ukifanya hivyo utamharibia Emmaculate ambaye alikuwa sawa, na zile za alfajiri zitazidi kuchanganyikiwa. Usiongeze kitu kwa kubahatisha. Weka mahali pa kuchagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha mwache Nyatichi aandike saa kama anavyoisema, na kazi ya kutafsiri ibaki kwa programu yako. Muda ukitoka chini ya sifuri, au mrefu kuliko safari yoyote ya kawaida, programu isimame na imwite mtu, isijipambe. Kisha ijaribu kwa safari uliyopanda mwenyewe. Hiyo unajua jibu lake. Na nisisikie umemlaumu Nyatichi. Yeye aliandika ulichomwambia.

Sasa Motari. Unasema ni hodari, hatakosa kazi ya boda. Hilo silo unalomnyang'anya. Amefika kwa wakati kila siku, na kila siku ameambiwa mbele ya watu kwamba ni mwongo, mpaka nyumbani kwake wakaanza kuamini. Akiondolewa kwenye mkutano huo atatoka akijulikana hivyo Osiri nzima, na hakuna programu utakayoirekebisha mwezi ujao itakayomfikia huko. Gichana naye ataingia akisifiwa kwa kazi ya mwenzake. Umewaza namba zitakavyopendeza. Hukuwaza hata kidogo Motari atakavyoingia kwake jioni ile.

Na hayo maneno, "hitilafu ya mfumo", yatupe. Hiyo ni lugha ya watu wanaotaka kosa liwe la ukuta. Ukisema hivyo, Bwana Wesley atatikisa kichwa, ataandika "hitilafu", na Motari ataondolewa vilevile, kwa sababu hujamwambia kwamba hitilafu hiyo ndiyo iliyomfanya Motari aonekane amechelewa na si kitu kingine.

Usingoje mkutano. Mtu akisahihishwa mbele ya watu baada ya kuamua, hutetea uamuzi. Kesho asubuhi nenda kwa Bwana Wesley akiwa peke yake. Chukua safari moja tu, ile yako, mweleze mlitoka saa ngapi na mkafika saa ngapi, kisha mwonyeshe programu ilisema nini. Usimpe mihadhara ya desimali. Mwombe awaandikie wafadhili, na umwambie barua hiyo utaiandika wewe na jina lako litakuwa chini yake. Mwombe pia jambo hili lisemwe mapokezi, pale pale dirishani ambapo lile jina la utani lilizaliwa, na Roseline awepo. Mkataba wako huenda ukaisha. Siwezi kukudanganya kwamba wakubwa wote hupenda ukweli unaowafedhehesha. Lakini mkataba ukiisha kwa sababu hiyo, utaweza kumweleza mwajiri mwingine kwa nini uliisha, ukimtazama usoni. Ukiendelea kwa kunyamaza, utakuwa ukiingia chini ya meza kila pikipiki ikipita, na huku Homa Bay pikipiki hazitaisha.

Kabla ya kwenda kwa Bwana Wesley, mtafute Motari. Si ofisini, maana huko atalazimika kuwa na adabu. Mfuate anapoegesha, mwambie kabla hajasikia kwa mwingine. Usianze na chuo, usianze na Nyatichi, usianze na "unajua, kompyuta". Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Akiondoka bila kukujibu, mwache aende, wewe uende ofisini ukafanye ulichosema utafanya.

Umeniuliza mtu anaanzaje. Anaanza hivi: "Motari, hukuchelewa hata siku moja ambayo nilisema umechelewa. Mimi ndiye niliyekosea, na nimejua tangu siku ile tuliyotoka pamoja Osiri." Usikate hiyo sehemu ya mwisho. Hiyo ndiyo utakayotaka kuikata.